Moyo Dhaifu ni Deni la Nani?

Bila shaka wengi wenu mmekwisha kusikia kwamba wataalamu wa siku hizi waweza kuchukua damu kidogo ya mtu mwenye afya, asiyelalamika kifua wala kichwa, wakasoma ndani yake alama ndogo mno, kisha wakasema: huyu yumo katika kundi la watu ambao yaelekea watapatwa na maradhi ya moyo kuliko wenzao. Hawasemi hivyo kwa kupiga ramli. Husema kwa hesabu, na hesabu zao zaweza kukaguliwa na kila ajuaye kazi hiyo. Elimu yenyewe yaitwa epijenetiki. Jina ni geni, nasi tutalieleza. Lakini jambo lenyewe si la madaktari peke yao. Ikisemwa kwamba ugonjwa wa mtu umekwisha kutiwa alama mwilini mwake kabla haujatokea, pengine kabla hajazaliwa, hapo maswali ya dhamiri huja yenyewe bila kuitwa. Hiari yake iko wapi? Kosa ni la nani? Na yule aliyeisoma alama, ana wajibu gani kwa mwenye damu?

Tumeona vema tuyafikiri maswali hayo tukiwa tumesimama mahali pamoja, tusije tukapotea katika maneno makubwa. Mahali hapo ni Fundo. Wasomaji wetu wa bara labda hawakijui. Ni kisiwa kirefu, chembamba, cha mawe ya matumbawe, upande wa magharibi wa Pemba, karibu na mji wa Wete na jirani na kisiwa cha Njao. Watu wake hutegemea bahari. Wanaume huvua, na katika pwani ile ya Pemba wanawake wengi hulima mwani, zao lililoanza kulimwa kwa biashara huko Zanzibar mwaka 1989. Ni ndugu zetu Waislamu. Wakatoliki wa Pemba nzima ni wachache. Mwenye kuitaka hospitali ya Wete hana barabara ya kumfikisha. Huvuka kwa chombo, na bahari ina siku zake. Tumechagua Fundo makusudi, kwa maana elimu mpya hupimwa vema zaidi mahali ambapo haifiki kwa urahisi.

Sasa tueleze jina. Kila chembe ya mwili wa mtu ina maandiko ya urithi aliyoyapokea kwa baba na kwa mama, nayo huitwa jeni. Chembe ya moyo na chembe ya ngozi zina maandiko yale yale. Tofauti yao ni kwamba kila moja husoma kurasa zake na kuziacha nyingine zimefungwa. Tufananishe na Kitabu cha Misa kilichoko altareni. Kitabu ni kimoja mwaka mzima, wakati wa Majilio na wakati wa Pasaka, siku ya arusi na siku ya maziko. Bali tepe zake ndizo zimwonyeshazo padre ukurasa wa leo. Mtoto wa kutumikia akizihamisha tepe kwa utundu, hakufuta neno hata moja kitabuni, walakini Misa itaanza kwa fadhaa. Mwilini tepe hizo ni vitu vidogo sana vya kikemia, na kijulikanacho zaidi huitwa methili. Hunata juu ya jeni, na mara nyingi huinyamazisha. Tepe huhama kwa kadiri ya umri wa mtu, chakula chake, moshi wa tumbaku, hofu ya muda mrefu, na hali ya mama yake wakati wa mimba. Mwaka 2013 mtaalamu mmoja wa Los Angeles, jina lake Steve Horvath, alionyesha kwamba kwa kusoma alama 353 za namna hiyo aweza kukisia umri wa mtu bila kumwona uso. Mwaka 2019 yeye na wenzake walitoa hesabu nyingine, iliyokisia si umri tu bali hata hatari ya kufa mapema na ya kupatwa na maradhi ya moyo. Sehemu mojawapo ya hesabu hiyo ni kukisia, kwa damu peke yake, mtu amevuta sigara kiasi gani maishani.

Tusizidishe sifa. Hata leo kipimo hiki si cha kawaida hospitalini, na mengi ya yale kiyasemayo daktari angeweza kuyajua kwa kuuliza umri, kupima presha, na kunusa koti la mgonjwa. Tena hesabu nyingi za maradhi ya moyo zimetokana na damu za watu wa Ulaya na Amerika. Hata ule uchunguzi mashuhuri kuliko yote, ulioanza mwaka 1948 katika mji mdogo wa Framingham huko Marekani kwa watu 5,209, ulifanywa karibu wote kwa Wazungu. Kuichukua fimbo iliyopimiwa huko na kumpimia nayo mvuvi wa Fundo ni jambo la kufanywa kwa hadhari.

Lakini tukubali, kwa ajili ya fikira zetu, kwamba siku moja kipimo hiki kitakuwa sahihi hata kwa mvuvi huyo. Je, kitakuwa kimemwondolea hiari?

Tuliosoma falsafa katika Seminari Kuu twakumbuka kwamba swali hili lilikwisha kuulizwa zamani kwa sura nyingine. Watu wa karne za kati waliamini, wenye elimu na wasio na elimu, kwamba nyota zina nguvu juu ya mwili wa mwanadamu. Pwani yetu nayo yalijua sana wazo hilo: mpaka leo mtu husema nyota ya fulani imefifia, na elimu ya falaki ina vitabu vyake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino hakuwacheka wanajimu. Alikubali kwamba vitu vya mbinguni vyaweza kuusukuma mwili, na mwili ukazisukuma tamaa na hasira zetu. Kisha akaongeza neno ambalo twaliona la ajabu kwa ukali wake: kwa kuwa watu wengi huzifuata tamaa zao, wanajimu mara nyingi hupata wanaposema habari za watu wengi kwa jumla, bali wakimshika mtu mmoja mmoja hukosea, maana hakuna kinachomzuia mtu kuzipinga tamaa zake kwa hiari yake.

Liondoe neno nyota, uweke neno alama, nawe umepata maelezo mazuri ya kipimo cha leo. Mtaalamu akisema kwamba katika watu mia wenye alama hizi ishirini wataugua moyo, huenda akapata barabara. Lakini ni yupi kati ya hao mia? Hapo hana la kusema. Na mara nyingi alama zimepata kwa sababu ile ile aliyoitaja Mtakatifu Tomaso: mvutaji wa jana ndiye mvutaji wa kesho, mwenye kutia chumvi nyingi ataendelea kuitia. Kipimo husoma mazoea, na mazoea ni mtawala mkubwa wa wanadamu. Hakuna mwungamishi asiyelijua hilo.

Tena yako mambo mawili ambayo elimu yenyewe imeyaona, nayo yatufaa. La kwanza lahusu tumbaku. Iko jeni moja ambayo kwa mvutaji alama yake hubadilika waziwazi, hata wataalamu wakiitazama peke yake wamjua. Mtu yule akiacha sigara, alama ile huanza kurudi pole pole, mwaka kwa mwaka, kuelekea ilivyokuwa. Hairudi kwa siku moja, na kwa waliovuta sana muda mrefu huenda isirudi kabisa, lakini hurudi. Tepe ilihamishwa kwa mkono wa mtu mwenyewe na kwa mkono huo huo yaweza kurejeshwa.

La pili lahusu mapacha. Mtakatifu Augustino, alipowapinga wanajimu wa Afrika ya Kaskazini katika kitabu cha tano cha Mji wa Mungu, aliwatumia mapacha kuwa hoja yake: wamechukuliwa mimba pamoja, wamezaliwa karibu saa moja chini ya nyota zile zile, mbona maisha yao hutofautiana kama ya Esau na Yakobo? Mwaka 2005 wataalamu wa Hispania, ambao twadhani hawakuwa wakimfikiria Augustino, walichunguza jozi arobaini za mapacha wa kufanana, watoto na wazee. Wale wadogo alama zao zilifanana karibu sawasawa. Wale wakubwa zilitofautiana, na hasa wale ambao hawakuishi pamoja kwa muda mrefu. Jeni ni zile zile, kitabu ni kile kile, lakini kila mmoja alikuwa amekwisha kuzisogeza tepe zake kwa maisha aliyoyaishi. Askofu wa Hipo angalifurahi kuipata habari hiyo.

Basi kwa habari ya hiari hatuna hofu kubwa. Yapo mengine yanayotusumbua zaidi, nayo ni zile tepe ambazo mtu hakuzihamisha mwenyewe.

Daktari mmoja Mwingereza, David Barker, alizitafuta kumbukumbu za zamani za wakunga na wauguzi wa jimbo la Hertfordshire, waliokuwa wakipima uzito wa kila mtoto azaliwapo, na tena atimizapo mwaka mmoja. Akafuatilia habari za wanaume 5,654 waliozaliwa huko kati ya mwaka 1911 na 1930. Mwaka 1989 yeye na wenzake wakatangaza waliyoyaona: wale waliokuwa wepesi kuliko wengine walipozaliwa na walipotimiza mwaka, ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo, miaka hamsini au sitini baadaye. Watu wengi walikataa kuamini. Kisha zikaja habari za Uholanzi. Huko, katika kipindi cha baridi cha mwaka 1944 na 1945, jeshi la Wajerumani lilizuia vyakula, na watu wa mijini wakala kidogo mno, zaidi ya elfu ishirini wakafa. Waliotungwa mimba katika njaa ile walionekana utu uzimani kuugua moyo zaidi kuliko wengine. Na mwaka 2008, zaidi ya miaka sitini baadaye, damu zao zilionyesha alama zilizotofautiana na za ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakuwa tumboni wakati wa njaa. Mwili ulikuwa umeikumbuka njaa ambayo mtu mwenyewe hakuikumbuka.

Wala tusiseme hayo ni ya Ulaya. Goma, mashariki ya Kongo, mji wa Waswahili wenzetu, akina mama ishirini na watano na watoto wao wachanga walichunguzwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2012. Mama walikuwa wamepitia vita, na baadhi yao unyama ambao hatutautaja katika gazeti la kusomwa nyumbani. Kadiri mama alivyokuwa ameteswa, ndivyo mtoto alivyoonekana amezaliwa mwepesi, na ndivyo alama za jeni ihusuyo hofu na wasiwasi zilivyokuwa zimebadilika katika damu ya kitovu. Ni watu wachache, na uchunguzi mmoja hautoshi. Lakini mwenye moyo wa ubinadamu hawezi kuusoma na kuupita. Risasi haikumgusa mtoto yule. Hakuwa amezaliwa bado.

Na Pemba? Wazee wa huko hawajausahau upungufu mkubwa wa chakula wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati uingizaji wa vyakula kutoka nje ulipobanwa. Waliokuwa tumboni mwa mama zao siku zile sasa wamevuka miaka hamsini, umri ambao moyo na mishipa huanza kudai madeni. Na uchunguzi wa afya uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulionyesha kwamba presha ni ugonjwa wa watu wazima wengi, na kwamba wengi wao walikuwa nayo bila kujua. Hatusemi kwamba hili limetokana na lile. Chumvi, unene na umri vina sehemu yao kubwa. Twasema tu kwamba mtu wa miaka hamsini na mitatu akianguka shambani kwa kiharusi, habari yake huenda haikuanza asubuhi ile, wala haikuanza na samaki wa chumvi aliyemla jana yake.

Hapa twataka kuonya juu ya kosa ambalo tunalisikia likianza kusemwa, hata na watu wema. Wakisikia kwamba hali ya mama humtia mtoto alama, mara moja humgeukia mama. Alikula nini? Kwa nini hakupumzika? Kwa nini alibeba magunia ya mwani akiwa na mimba ya miezi saba? Maswali hayo yana sura ya elimu na ukali wa mahakama. Mwanamke aliyesimama katika maji ya chumvi tangu bamvua lilipokupwa, ili kesho watoto wapate unga, hakuchagua kati ya kupumzika na kutopumzika. Kumhesabia alama ya mtoto kuwa ni uzembe wake ni kumdhulumu mara mbili.

Waisraeli walipokuwa uhamishoni Babeli walikuwa na msemo wa zabibu chungu, wakimaanisha kwamba watoto wanaadhibiwa kwa yale waliyoyala baba zao. Nabii Ezekieli, katika sura ile ya kumi na nane, aliwakataza kuutumia tena, akafundisha kwamba kila mtu hujibu kwa roho yake mwenyewe. Watu wengine wameona kwamba elimu hii mpya inamkanusha nabii, kwa maana sasa meno ya watoto kweli yanatiwa ganzi na chakula cha wazazi, au na ukosefu wa chakula. Sisi twaona wamekosea. Nabii alisema habari za hatia, na hatia haibebwi na methili. Madhara hurithiwa, hatia hairithiwi kwa njia hiyo. Na Bwana wetu alipoulizwa habari za yule aliyezaliwa kipofu, kama kosa lilikuwa lake au la wazazi wake, alilikataa swali lenyewe, akamponya.

Sasa, ikiwa mtoto hana hatia, na mama hana hatia, je, hakuna anayedaiwa? Hapo ndipo tunapopata neno tulilotaka kulisema tangu mwanzo. Alama ya njaa katika damu ya mtoto ni shahidi juu yetu sote tuliokuwapo na ambao hatukumlisha mama yake. Ni hati ya deni, na jina lililoandikwa chini si la mtoto. Watu wameizoea elimu ya kutabiri kama kitu kimwambiacho mgonjwa habari zake: jihadhari, umo hatarini. Kumbe mara nyingi inamwambia jirani habari za jirani. Ikiwa twajua leo, kwa uhakika ambao babu zetu hawakuwa nao, kwamba sahani ya mama mjamzito ni moyo wa mtu wa mwaka 2080, basi kulisha mama mjamzito si sadaka tena ya kutolewa tukipenda. Ni haki ya mtu ambaye bado hana sauti, na wanateolojia wa haki watuambie tuiweke katika amri gani. Sisi twaiona karibu sana na ya tano.

Deni hili lina upande mwingine, na Pemba inaujua. Kisiwa hicho kimeufundisha ulimwengu mambo. Watoto wake waliingia katika uchunguzi mkubwa wa kuwapa madini ya chuma na vitamini ya foliki, dawa ambayo kila mtu aliidhani ni njema tupu. Ikaonekana kwamba mahali palipo na malaria kali iliwaongezea hatari ya kulazwa na ya kufa, utoaji wake ukasimamishwa mwaka 2003, na matokeo yalipotangazwa mwaka 2006 mashauri ya dunia nzima juu ya dawa hiyo yalibadilika. Kuna maabara ya afya ya jamii huko Chake Chake, iliyopewa jina la Ivo de Carneri na kufunguliwa mwaka 2000. Na katika miaka ya karibu akina mama wa Pemba, pamoja na wenzao wa Sylhet huko Bangladesh na Karachi huko Pakistan, walikubali kutoa damu na vipimo vingine wakati wa mimba, vihifadhiwe, ili wataalamu wazitafute alama za kutabiri kuzaa kabla ya siku, na mtoto kuzaliwa mdogo. Ni kazi njema, nasi twaisifu. Lakini mwanamke aliyetoa damu yake ili alama zipatikane, amewakopesha watu wote wenye elimu. Kipimo kitakapokamilika, hakitakuwa kimelipwa deni lake kwa kuuzwa katika miji mikubwa kwa watu wenye bima, hali mjukuu wake angali akizaliwa kwa mwanga wa simu.

Kuna wasomaji watakaotuuliza jambo la nyumbani zaidi: je, Mkristo analazimika kutaka kujua? Kijana aliyefiwa na baba na ami kwa moyo, akiambiwa kuna kipimo, aweza kukataa bila dhambi? Twajibu hivi. Baba Mtakatifu Pio XII, aliposema na madaktari tarehe 24 Novemba 1957, alikumbusha mafundisho ya kale ya Kanisa kwamba mtu analazimika kutumia njia za kawaida za kuutunza uhai na afya, wala halazimiki kwa njia zipitazo kawaida zimtwikazo mzigo mzito mno. Kupimwa presha ni njia ya kawaida. Kuacha tumbaku ni njia ya kawaida, ingawa wavutaji watalalamika. Kutafuta alama za damu katika maabara ya nchi ya mbali, kwa fedha za ada ya watoto, si wajibu wa mtu yeyote, na mwenye kukataa asihesabiwe mwoga. Wala kisitumike kamwe kumzuilia mtu ndoa. Baba Mtakatifu Pio XI, mwaka 1930, aliwakatalia watawala uwezo wa kuwazuia watu kuoana kwa sababu ya urithi wa miili yao. Mshauri aweza kushauri, hata kushauri kwa nguvu, lakini mlango haufungi yeye. Wazazi wanaoanza kuuliza habari za damu ya mchumba kama wanavyouliza habari za mahari walifikiri hilo. Na mwenye kuajiri, au mwenye kuuza bima, hana kazi ya kuchungulia tepe za kitabu cha mtu mwingine.

Lakini yale maneno ya kawaida na yapitayo kawaida yana utata ambao twauona waziwazi tukirudi Fundo. Pio XII mwenyewe alisema kwamba kilicho cha kawaida hupimwa kwa kadiri ya hali ya watu, mahali na nyakati. Mtu wa Dar es Salaam akiwa na maumivu ya kifua aweza kufika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoko pale Muhimbili tangu mwaka 2015, kwa nauli ya daladala. Kwake hiyo ni njia ya kawaida kwa habari ya safari, hata kama gharama nyingine zaweza kumlemea. Mtu wa Fundo akiwa na maumivu yale yale, usiku, upepo ukiwa umeanza, kuvuka tu mpaka Wete kwahitaji chombo, nahodha, mafuta na ujasiri. Na kutoka Wete mpaka Dar es Salaam kungali na bahari nyingine. Kwa mujibu wa mafundisho, akishindwa kuvuka hakutenda dhambi yoyote, njia ile kwake imepita kawaida. Ni kweli, na ni faraja kwa dhamiri yake. Walakini faraja hiyo yake isiwe usingizi wetu. Ni nani aliyeifanya njia ya kawaida ya mtu mmoja iwe kubwa kupita kiasi kwa mwenzake wa nchi moja? Upepo tumwachie Mungu. Chombo, mafuta na mganga wa zamu ni kazi ya watu, ya serikali kwanza, na ya kila mwenye uwezo baada yake.

Kwa hiyo twakubaliana na mvuvi wa pwani ile asemaye kwamba siku ya kufa kwake i mikononi mwa Mungu. Ndugu zetu Waislamu husema hivyo, nasi twasema hivyo, na hakuna maabara itakayotuonyesha vingine. Hatukubaliani na yeyote, awe Mwislamu au Mkristo, alitumiaye neno hilo kuyaacha maji yaingie chomboni. Mvuvi mwenyewe hafanyi hivyo. Huukubali uwezo wa Mungu juu ya bahari, tena huziba mianya ya mashua yake kwa kalafati kila msimu.

Wataalamu na waendelee na alama zao, na damu ya Waafrika iingie katika hesabu hizo kwa haki na kwa idhini. Itachukua miaka. Wakati wa kuwangoja, mvuvi wa Fundo apimwe presha kwa kile kitambaa cha mkononi kinachojazwa upepo, aambiwe namba yake kwa Kiswahili, mkewe mwenye mimba apate chakula cha watu wawili, na vidonge vyake yeye mwenyewe vya mwezi mzima vivuke pamoja naye kutoka Wete kabla bahari ya kusi haijachafuka.